Nyimbo Zinazobaki na Nyimbo Zinazopotea

Leo tutazungumza juu ya nyimbo. Kila rika hupenda nyimbo zake, na hudhani kwamba hazitasahauliwa kamwe. Je, ni kweli? Natutazame mambo yalivyokuwa Unguja.

Sultani Barghash alitawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Alipenda muziki wa Misri, akampeleka mtu wake huko ajifunze. Taarabu ya siku zile iliimbwa kwa Kiarabu, katika jumba la mfalme. Walioalikwa waliisifu sana. Lakini leo, ni wangapi mjini wanaoweza kukuimbia wimbo mmoja wa jumbani? Watu wengi hawakualikwa, na maneno hawakuyaelewa.

Sasa sikilizeni habari za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa maskini, watu waliopata kuwa katika utumwa. Siti hakupelekwa shule. Alitembeza vyungu akiviuza, na sauti yake ya kunadi ilisikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba, naye akaimba kwa Kiswahili. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mchukuzi, mpishi na mwuza samaki, wote walisikia wakaelewa.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, katika Bara Hindi, nyimbo zao zikatiwa katika santuri. Santuri zile zilikuwa nzito, tena zikianguka sakafuni zilivunjika kama sahani. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi, basi. Hata hivyo zilienea pwani yote na bara.

Labda mtasema, "Kumbe ni santuri zilizomhifadhi." Mimi sikubali moja kwa moja. Waimbaji wengine nao walitiwa katika santuri miaka ile ile, na leo majina yao yanajulikana kwa wachache tu. Tutazame wimbo wake mmoja, uitwao Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, na mwuaji akakimbilia bara. Wanyonge walioona haki imepotea hawakuwa na gazeti la kusemea. Walikuwa na wimbo huo. Kwa hiyo waliushika, wakawafundisha wadogo zao.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alimwandikia kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti, aliendelea kuziimba mpaka uzeeni sana. Yeye alifariki mwaka 2013. Basi hesabuni wenyewe: santuri, kitabu, na kinywa cha mtu.

Nyimbo za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zilipata bahati nyingine. Radio Tanzania iliwarekodi wanamuziki wa bendi na kuziweka kanda zao. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki mwaka 1979, na hata vijana ambao hawakuzaliwa wakati ule humsikia redioni. Nyimbo hizo watu huziita "zilipendwa". Jina hilo hunichekesha kidogo, maana anayeomba zipigwe bado anazipenda!

Lakini nyimbo za kutwanga, za kupiga makasia na za jando hazikupata santuri wala kanda, isipokuwa chache. Nyingi zimo vichwani mwa wazee tu.

Kazi ya darasa ni hii. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja wenu amwendee mzee mmoja, amwombe wimbo alioupenda katika ujana wake. Uandike maneno yake kama anavyoyatamka, usiyasahihishe. Chini yake andika jina la mzee, mahali, na habari iliyoleta wimbo huo. Mwenye mwandiko mzito asione haya. Amwombe mzee aimbe polepole, hata mara tatu.

Kwaherini.