Fikra za Ulaya katika Uandishi wa Historia ya Upare, 1969–1991

Mnamo mwaka 1945, maelfu ya Wapare walikusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga mbiru, yaani kodi iliyotozwa kwa kukadiria uwezo wa kila mlipaji. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliliandika tukio hilo kwa mitazamo miwili. Katika kijitabu chake cha mwaka 1971, mbiru inaonekana kama upinzani wa umma dhidi ya utawala wa kikoloni. Katika kipindi hichohicho, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizijadili kwa kina nadharia za Marx, na mwaka 1972 Walter Rodney alichapisha kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kimambo aliporejea suala hilo mwaka 1991, aliliweka ndani ya athari za uchumi wa dunia katika Upare kuanzia 1860 hadi 1960. Hapo mkulima wa milimani si mpinga kodi tu, bali pia mzalishaji aliyefungamanishwa na soko la mbali. Hata hivyo, masimulizi ya wazee, yaliyokuwa msingi wa kitabu chake cha 1969, hayakupoteza thamani. Kwa hiyo, inahitimishwa kwamba fikra za Ulaya zilibadili maswali ya mwanahistoria. Ushahidi wa kuyajibu uliendelea kutafutwa kwa Wapare wenyewe.