Vifo vya wajawazito: Kigoma ilifanyaje vikapungua?

Mjamzito akianza kutokwa damu nyingi usiku kule Manyovu, milimani karibu na mpaka wa Burundi, adui wa kwanza ni muda. Wataalamu wanataja ucheleweshaji wa aina tatu:

1. Kuchelewa kuamua kwenda hospitali
2. Kuchelewa kufika
3. Kufika, halafu kuchelewa kuhudumiwa

Sera inayogusa moja tu haitoshi.

Hospitalini: 1984 hadi 1991
Katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya akina mama kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hawakusubiri vifaa vya gharama kubwa. Walitumia vilivyopo, kila mtumishi akajua wajibu wake, na kazi ikakaguliwa mara kwa mara.

Upasuaji usogee karibu
Kutoka Kasulu au Kibondo, mjini Kigoma ni mbali. Ndiyo maana mpango wa MMAM wa 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies tangu 2006 uliwezesha vituo vya afya mkoani Kigoma kufanya upasuaji wa uzazi. Si lazima awepo daktari bingwa: madaktari wasaidizi waliofunzwa wanaifanya kazi hiyo.

Usafiri: piga 115
Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa kusambaza m-mama nchi nzima. Unapiga 115 bure. Ambulansi ikikosekana, anatumwa dereva wa kijamii ambaye safari yake inalipiwa, kwa hiyo familia haihangaiki kutafuta nauli usiku.

Kitaifa je?
Utafiti wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104.

Wewe unaingiaje?
Jengo bila damu salama, dawa ya usingizi na mhudumu wa zamu halimwokoi mtu, na hivyo vyote vinataka bajeti ya halmashauri kila mwaka. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Nenda, uliza: kituo chetu kinafanya upasuaji usiku? Damu ipo? Kama hakuna, diwani aondoke na swali hilo hadi kwenye baraza la madiwani.