Mtu Aliyebakiwa na Neno Moja

Mzee wa nyumba apatwapo na kiharusi, akaamka mkono wa kuume umelegea na ulimi hautoi neno, mara nyingi hupata msiba wa pili mikononi mwa jamaa zake. Jana alikuwa akitakwa shauri katika kila jambo; leo watu huzungumza mbele ya kitanda chake kana kwamba hayupo, hata habari za kugawa shamba lake, maana hudhani ya kuwa yalipotoka maneno na akili imetoka pamoja nayo. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi dhana hiyo ilivyopimwa mwaka wa 1861 katika hospitali ya Bicêtre, karibu na mji wa Paris.

Katika hospitali hiyo alikuwako mtu jina lake Leborgne, fundi wa kuchonga kalibu za viatu. Tangu ujana wake alishikwa na kifafa, na alipopata umri wa miaka 30 hivi akapotewa na usemi. Likambakia neno moja tu, "tan," nalo hulitamka mara mbili kwa kila aulizwalo. Basi hospitalini wakamwita Tan. Miaka ipatayo kumi ilipopita, mkono wake wa kuume ukaanza kupooza, na baadaye mguu wa kuume, hata akawa mtu wa kulala kitandani. Mwezi wa Aprili 1861 mguu ule uliingiwa na uozo, akapelekwa kwa tabibu mpasuaji, Paul Broca.

Broca hakutazama mguu tu. Alimwuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi. Tan akakunjua vidole vitano vya mkono wake wa kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21, nayo ndiyo hesabu ya haki. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu vile vile. Alipoulizwa mara ya tatu alitambua ya kuwa anajaribiwa, akaghadhibika, na hapo likamtoka apizo ambalo halikuweza kumtoka ila kwa hasira. Sisi walimu, tuliozoea kuuliza swali moja mara tatu, hatuwezi kumlaumu. Akaulizwa tena maradhi yake yalianza wapi. Akaonyesha ulimi, kisha mkono, kisha mguu, kwa taratibu ile ile yalivyomjia. Si majibu yake yote yaliyokuwa sawa, wala Broca hakuficha hilo. Lakini mtu wa namna hii hawezi kuitwa mpumbavu.

Tan alikufa tarehe 17 Aprili, na kesho yake ubongo wake ulionyeshwa mbele ya chama cha wataalamu cha Paris. Sehemu ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imeharibika. Ubongo huo ungali umehifadhiwa Paris; Broca hakuukata, na wataalamu wa siku hizi walipoupiga picha kwa mitambo, kama walivyoandika mwaka wa 2007, waliona ya kuwa uharibifu uliingia ndani zaidi kuliko alivyoweza kuona yeye kwa macho.

Mwaka ule ule aliletwa kwake mzee wa miaka 84, Lelong, ambaye kiharusi kilimwachia maneno machache mno. Hesabu yo yote kwake ilikuwa "tatu," na neno lenyewe hulitamka kombo. Lakini vidole vyake vilisahihisha kosa la ulimi. Alipoulizwa ana watoto wangapi, alisema "tatu" akainua vidole vinne. Alipoulizwa kazi yake ya zamani, alifanya kama ashikaye sepeto, akaitia ardhini na kutupa udongo. Broca akamwuliza, "Ulikuwa mchimbaji?" Akajibu, "Ndiyo." Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika karibu mahali pale pale.

Yafaa tueleze ya kuwa katika kiharusi mshipa wa damu wa ubongoni huziba au hupasuka, na sehemu iliyokosa damu hufa. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kuume wa mwili, na kwa watu wengi usemi nao umo kushoto. Ndiyo sababu mkono wa kuume na ulimi hupotea pamoja. Mwaka wa 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza aina nyingine: mgonjwa husema maneno mengi kama maji ya mto, ila hayana maana, naye haelewi aambiwalo.

Je, mkono wenyewe usipotii? Mwaka wa 1900, huko Berlin, tabibu Hugo Liepmann aliandika habari za mtumishi wa serikali, mtu wa miaka 48, aliyekwisha kuhesabiwa kuwa amepotewa na akili. Akiambiwa aonyeshe kitu fulani kati ya vilivyowekwa mbele yake, mkono wake wa kuume ulishika hiki na kile ovyo, ingawa haukupooza. Liepmann akaona hili halitoshi kumhukumu mtu. Akauzuia mkono wa kuume, akamwamuru atumie wa kushoto; na mkono wa kushoto ukafanya kila ulichoambiwa, bila kukosea.