Mandari ya Shakababo: ya kupanga kabla ya kufunga sufuria

Idi ikikaribia simu yangu haikosi picha. Jamaa zetu walioko bara wamekaa kando ya ziwa la milimani, ukungu nyuma yao, watoto wamevaa masweta. Kisha hufuata swali: na sisi wa Garsen na Malindi tuwapeleke wapi watoto, zaidi ya ufuoni? Pwani nzima ziwa la mlimani la kujivunia ni Chala kule Taveta, lililo ndani ya shimo la volkeno ubavuni mwa Kilimanjaro, sehemu yake Kenya na sehemu Tanzania. Lakini kutoka Garsen hadi Taveta si mwendo wa kwenda na kurudi siku moja na watoto. Sisi tuna Shakababo.

Shakababo ni ziwa lililo karibu na Ngao, katika delta ya Mto Tana. Zamani lilikuwa kona ya mto. Mto ukabadili njia, kona ikabaki peke yake imejipinda kama mwezi mwandamo. Delta ni tambarare, mlima hutauona hata ukipanda juu ya mwembe. Ila maji ni ya mlimani. Tana huanzia Aberdare na Mlima Kenya, husafiri kiasi cha kilomita 1,000, na ukifurika ndipo maziwa ya huku hujazwa. Mwenye kupanga mandari alishike hilo, maana ndilo litakalomwamulia tarehe.

Ninayoandika hapa ni kwa mandari ndogo: familia moja au mbili, darasa la madrasa, kikundi cha akina mama cha merigoraundi, watu 20 au 30. Harusi na mikutano ya wanasiasa ina mambo yake na vibali vyake.

Tarehe

Kosa la kwanza ni kuangalia mawingu ya Garsen. Kwetu jua linaweza kuwaka wiki nzima, na mto ukapanda usiku kwa mvua iliyonyesha Nyeri na Embu siku kadhaa nyuma. Katikati ya safari yale maji hupita mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Masinga ikijaa na kumwaga, tangazo hutolewa redioni kwa watu wa chini. Tangazo hilo ndilo hali ya hewa yetu. Ukilisikia, ahirisha, hata kama ng'ombe ameshanunuliwa.

Tukumbuke 2024. Idi ya mfunguo mosi iliangukia tarehe 10 Aprili, watu wakatembea, wakala, wakarudi salama. Kabla mwezi haujaisha mafuriko yalikuwa yamefunika mashamba na barabara sehemu nyingi za kaunti, na kule Kona Punda, karibu na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilizama na watu wakafa. Ni mwezi mmoja huo huo. Miezi michache nyuma, Novemba 2023, ilikuwa vivyo hivyo kwa mvua ya El Niño, na wazee bado wanaihesabu ile ya 1997 kuwa ndiyo mama yao.

Kwa hivyo Aprili, Mei na mwanzo wa Juni usijifunge na tarehe. Oktoba mwishoni hadi Desemba pia uwe tayari kubadilisha. Mimi ukiniuliza nitakwambia Julai na Agosti: kusi linavuma, jua halichomi sana, maji ya masika bado yamo ziwani na nyasi ni kijani. Januari hadi Machi njia ni kavu na embe za Ngao zimeiva, lakini ni joto la kaskazi lisilo na huruma, ziwa limepungua, na delta imejaa mifugo. Hapo ndipo penye jambo la kuzungumza kwa kituo.

Mahali pa kutandika jamvi

Mwaka mmoja tulikwenda na familia, watu kama 25, gari mbili na bodaboda ya kubeba kuni. Tulifika tukaona mahali pazuri mno: ufuko umeteremka taratibu, hakuna matete, hakuna miiba, mchanga umetifuliwa laini kana kwamba mtu amepafagia kwa ajili yetu. Tukatandika. Sufuria ya pilau ikafunuliwa. Saa saba hivi tukasikia kengele, kisha vumbi, kisha ng'ombe wasiohesabika wanatujia moja kwa moja, na mbele yao mzee mmoja na vijana wawili. Mzee akasimamisha ng'ombe kwa mluzi. Akatusalimu, tukaitikia. Akatuuliza kwa upole kama tunajua tumekaa mlangoni.

Tulikuwa tumetandika jamvi juu ya malka. Kwa asiyejua, malka ni njia ya mifugo kushukia majini, na kwa Waorma na Wawardei njia hizo zina wenyewe na zina historia. Ule mchanga laini tulioupenda ulikuwa umetifuliwa na kwato. Ng'ombe wametembea tangu alfajiri, wananusa maji, na sisi tumeweka kachumbari katikati. Mzee alitusubiri tukusanye vyombo, akakataa hata soda hadi ng'ombe wake wote wamekunywa. Baadaye alikuja akakaa, akala pilau, akatuonyesha mwembe mkubwa upande wa pili ambao mwenye shamba lake ni Mpokomo wanayesikilizana naye.

Nilirudi nyumbani nimeona haya, na nikaingiwa na hofu pia. Msomaji wa hapa hahitaji kukumbushwa yaliyotokea kati ya Agosti 2012 na Januari 2013: Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na mambo yalianzia pale pale palipoanzia mara nyingi, maji na malisho na shamba. Mandari yetu haingewasha moto wa aina ile, nisikuze. Lakini kijana mwenye hasira mahali pa yule mzee, na kijana mwenye kiburi upande wetu, na tungekuwa na siku nyingine kabisa.

Basi kabla ya kuuliza bei ya nyama, uliza mahali. Nenda wiki moja mbele, au mtume mtu anayeheshimika. Anza kwa mzee wa kijiji na chifu, si kwa sababu sheria inamtaka mtu aombe ruhusa ya kula pilau na watoto wake, ila hao ndio wanaojua malka ziko wapi, shamba la nani limepandwa, na kama kuna mvutano wowote mwezi huo. Kisha zungumza na kamati ya wavuvi ya ufuko, ile wanayoiita BMU. Wavuvi ndio wanaoamka na ziwa. Wanajua kiboko yuko kona gani wiki hii na nyavu zimetegwa wapi. Ukitaka kivuli cha mwembe wa mtu, mwone mwenye mwembe uso kwa uso na umwachie kitu. Bei haiko ubaoni, mnapatana. Na usimwalike mmoja ukamwacha mwingine: ukimpa Mpokomo mwenye shamba sahani, na mchungaji anayepita umpe.

Viboko, mamba na konokono

Maji ya Shakababo yanapendeza kutazama. Kuoga, hapana. Najua watoto wa Ngao wanaoga. Wao wamefundishwa na babu zao wapi na saa ngapi, na hata hivyo misiba haikosi.

Kiboko mchana hukaa majini, jioni hutoka kula nyasi, alfajiri hurudi. Hatari yake kubwa ni kumzibia njia ya kurudi majini, kwa hivyo mwenye akili hafiki ziwani kabla jua halijapanda, wala habaki likizama. Panga kufika saa tatu asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Mamba yeye hana saa. Anayeinama ukingoni kuosha sufuria, kuteka maji au kutawadha ndiye anayemfaa. Tandikeni mbali na maji, kiasi cha hatua 50 hivi, na vyombo rudisheni vichafu nyumbani. Haina aibu.

Wekeni watu wazima wawili ambao kazi yao siku hiyo ni watoto tu. Wasipike, wasipige picha. Wakibadilishana zamu, wabadilishane kwa kutajana majina. Nimeona mandari zenye watu wazima kumi na hakuna hata mmoja anayetazama majini, kila mmoja akidhani mwenziwe anatazama.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Watu wa delta wanajua kuingoja fidia ni kazi nyingine ya maisha, basi tusiifikie.

Kuna na mdudu asiyeonekana. Konokono wa maji yaliyotulia hubeba kichocho, na mtu hukipata kwa kuingiza miguu tu, bila kunywa hata tone. Mtoto akishaingia, mpeleke apimwe mkojo wiki kadhaa baadaye, dawa ipo. Hospitali ya karibu iko Ngao. Kabla ya siku yenyewe amua ni gari gani litakalobaki limegeuzwa kichwa kuelekea njiani, na nani ataendesha.

Mtumbwi? Ukipatana na mvuvi mwenyewe, watu wachache, jaketi za kuokolea za kutosha, asubuhi kabla ya upepo. Jaketi zikipungua moja, mtu mmoja abaki nchi kavu.

Chakula, maji, swala

Hapa kila nyumba ina mkuu wake, sitaki kugombana na akina shangazi. Nitasema mawili tu. Wali wa nazi usiuchukue: ukipikwa alfajiri, kwa joto la Garsen, saa saba tui limeshageuka. Pilau inastahimili zaidi, na kwa watu 25 kilo nne za mchele zinatosha mkiongeza mahamri na matunda. La pili, samaki msibebe. Nunueni pale pale kwa wavuvi, kambare au tilapia, mchome kwa makaa. Pesa ikibaki Ngao ndipo mwakani mtakaribishwa. Kuna wasiokula kambare, sijui kwa nini, hao wachukue kuku wao.

Maji ya kunywa mbebe lita tatu kwa kila mtu. Kwa watu 25 ni lita 75, yaani madumu manne ya lita 20, na kinachobaki ni cha kutawadhia. Moto uwashwe kwenye jiko, si chini, hasa miezi ya ukavu ambapo nyasi hushika haraka na shamba la mtu liko hatua chache. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi bebeni vikapu, na takataka zirudi na gari. Delta yetu imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia tangu 2012, lakini chupa tunazoziona kwenye matete hatukuletewa na wageni.

Kibla si tabu kabisa. Maka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwetu, kwa hivyo ukijua kaskazini umemaliza. Anayetoka Malindi amesafiri zaidi ya kilomita 100 na anaweza kuchukua ruhusa ya msafiri kwenye adhuhuri na alasiri, amuulize ustadhi wake. Wa Garsen na Minjila aswali kama kawaida. Leteni pazia na nguzo nne kwa ajili ya akina mama. Mara nyingi husahauliwa na wanaume wanaopanga, na bila pazia mama hukaa siku nzima hajanywa maji kwa kukwepa kwenda haja.

Njiani kuna vizuizi vya polisi, kila mtu mzima awe na kitambulisho. Ukiacha lami kuelekea ziwani ni udongo mweusi, na mvua ya nusu saa inatosha kuufanya gundi. Probox iliyojaa watu saba haitoki. Mkiona wingu zito upande wa bahari, fungeni mara moja, hata kama chai haijachemka.

Saa kumi kasoro robo piga hesabu ya watoto kwa majina, si kwa idadi. Zimeni makaa kwa maji. Mpitie mzee wa kijiji mkiwa njiani, mumwambie mmeondoka, ili magharibi asije akatuma watu kuwatafuta.