Taa zikizimwa, nani anaimba?

Wadau, niliwatoroka kidogo, kazi za gazeti zilinibana. Juzi chumba cha habari tulibishana kuhusu nyimbo za akili mnemba, kila mtu anaapa sikio lake halidanganyiki. Mimi nikamkumbuka Anna Case.

Huyu alikuwa mwimbaji wa opera Marekani. Kuanzia 1915 kampuni ya Thomas Edison iliwazungusha waimbaji mji hadi mji kunadi gramafoni zake. Mwimbaji anasimama kando ya mashine, anaimba sambamba na santuri yake mwenyewe, ghafla anafunga mdomo, santuri inaendelea. Wakati mwingine taa zilizimwa. Zikiwashwa, jukwaani imebaki mashine tu. Magazeti (ndiyo, wakongwe wetu hao) yakaandika kwamba tofauti haisikiki.

Sasa jamani, santuri za wakati ule zilirekodiwa kwa pembe, bila maikrofoni, na sauti ilitoka finyu. Iliwezekanaje? Miaka mingi baadaye Case alikiri: alikuwa akiipunguza sauti yake ilingane na ya mashine.

Mwaka 2025 Deezer ilitoa matokeo ya watu 9,000 wa nchi 8 waliosikilizishwa nyimbo 3, 2 kati yake za mashine. Asilimia 97 hawakuzitambua zote. Tunasema mashine zimetufikia. Lakini tangu Auto-Tune ilipotoka 1997, studio nazo zinanyoosha sauti za watu kwa kompyuta. Fungua redio usikilize Bongo Fleva, halafu niambie nani kamfuata mwenzake.