Tathmini ya hatari za kiusalama za majengo

Tathmini ya hatari za kiusalama za majengo ni uchunguzi unaofanywa ili kujua jengo au eneo fulani linaweza kupatwa na madhara gani, kwa njia ipi, na hatua gani zichukuliwe kwanza. Hufanywa kwa shule, maghala, bandari, hospitali na ofisi za umma.

Hatua

Mchunguzi huanza kwa kuorodhesha vinavyolindwa: watu, mali na kumbukumbu. Halafu hutaja matishio, kama vile wizi, moto au shambulio, na udhaifu wa jengo, kama vile uzio uliobomoka, kufuli mbovu au taa chache. Mwishoni hupima uwezekano wa kila hatari kutokea na ukubwa wa madhara yake. Milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam ilionyesha kwamba hata umbali kati ya jengo na barabara ni sehemu ya ulinzi.

Mbinga na Nyasa

Katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kahawa ni zao kuu la biashara. Ghala la kahawa lina mali nyingi baada ya mavuno, hivyo kulikagua likiwa tupu hakutoshi. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, ina bandari ya Mbamba Bay. Bandarini hukaguliwa lango la nchi kavu na pia upande wa ziwa, ambao hauwezi kuzungushiwa uzio.

Ulinzi na uokoaji

Kinga dhidi ya hatari moja inaweza kuzidisha nyingine. Nondo za madirishani huzuia wezi kuingia, lakini huzuia pia watu kutoka. Mwaka 2001 wanafunzi 67 walifariki kwa moto bwenini katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Kenya; mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2009 moto wa bweni uliua wasichana 12 katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoa wa Iringa.

Kwa hiyo tathmini ya bweni huuliza maswali mawili pamoja: nani anaweza kuingia, na waliolala watatokaje mlango mkuu ukishindikana? Swali la pili ni zito zaidi mahali palipo mbali na kituo cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tathmini hurudiwa kila jengo linapobadilishwa matumizi au idadi ya watu inapoongezeka.