Shaka Humtumikia Nani? Mzimu, Upelelezi na Tamthilia katika Bunilizi ya Kiswahili

Wahakiki wetu wamezoea kuigawa bunilizi ya Kiswahili mafungu mawili: fasihi dhati, inayostahili kufundishwa, na fasihi pendwa, ya kupitishia wakati. Riwaya ya upelelezi hutupwa fungu la pili bila mjadala mrefu. Makala haya yanaupinga mgawanyo huo. Sidai kwamba vitabu vyote vina uzito mmoja. Ninadai kwamba mgawanyo huo unaficha jambo ambalo msomaji hulibaini pale tu anaposoma vitabu vya aina mbalimbali kwa mfululizo. Mimi nililibaini Mtanda, Lindi mjini, katika mwezi nilioutumia kusoma riwaya na tamthilia kwa sauti barazani, baada ya magharibi, mbele ya majirani wa rika zote.

Tulianza na Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58 na kuchapishwa 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na waliozoea kuuogopa mzimu wanaona jibu wanalo tayari. Mpelelezi Bwana Msa, kiko mkononi, halipokei jibu hilo. Anauliza na kupima maneno ya kila mtu, mpaka anapatikana binadamu aliyetenda. Baraza lilifurahi. Juma lililofuata tukasoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, kuhusu vita vya Maji Maji, iliyotoka 1969. Kijana mmoja, akili yake bado iko kwa Bwana Msa, akasema maji ya kinga ya Kinjeketile ni ulaghai uleule wa mzimu. Karibu kila mtu alimkatalia. Bibi mmoja mwenye asili ya Kilwa Kivinje akamwambia: "Mjukuu wangu, yule wa Unguja alikuwa anamtafuta muuaji. Huku muuaji anajulikana. Sasa wewe unampeleleza nani?"

Kwa nini watu walewale waipokee shaka katika kitabu kimoja na kuikataa katika kingine? Jibu rahisi ni kwamba hawakuwa na msimamo. Mimi naona walikuwa na msimamo kuliko nadharia zetu. Katika riwaya ya upelelezi, mzimu ni kichaka cha muuaji. Anayeutilia shaka anamtetea marehemu. Katika Kinjeketile muuaji ni mkoloni, na hana haja ya kichaka. Ana bunduki, ana kambi, ana mashamba ya pamba ya kulimwa kwa nguvu. Hapo anayedai ushahidi wa maji anaihamisha kesi kutoka kwa aliyeua hadi kwa waliouawa.

Tamthilia yenyewe inalijua hili, na ndiyo maana naiona kuwa ushahidi mkubwa kuliko wowote. Hussein hakumchora Kinjeketile kuwa muumini asiyeuliza. Anavutwa majini, anatoka na ujumbe, watu wanaungana. Kisha anagundua kwamba katika ujumbe huohuo mna maneno yanayowafanya watu wake kuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Unguja: wamtoe bwana mmoja wampate mwingine. Anatetemeka. Tangu hapo ni yeye anayeipeleleza njozi yake, kwa ukali ambao hata Bwana Msa angeuheshimu. Lakini mwishoni, akiwa mfungwa aliyepigwa, anapotakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Shaka anayo, ila anajua tamko lake litatumiwa kuwafundisha watoto kwamba baba zao walipigania upuuzi. Mwandishi alitahadharisha kwamba mhusika wake si Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905, majuma machache baada ya pamba kung'olewa Nandete. Tahadhari hiyo ni ya haki, na inaipa hoja yangu nguvu: aliyetaka kuandika historia angelazimika kuamua kama maji yalifanya kazi au la. Mwandishi wa tamthilia ameweza kuuliza nani atakayelitumia jibu.

Kuhusu mahali pa Abdulla katika historia ya riwaya yetu hakuna ugomvi. Wahakiki Bertoncini Zúbková na Madumulla wameyaeleza ya kutosha. Ugomvi wangu ni na wale wanaomwona kuwa mwigaji wa Conan Doyle, basi. Watanikumbusha kwamba hata Doyle, katika The Hound of the Baskervilles ya 1902, alivunja hofu ya jinamizi kwa mantiki. Ni kweli. Ila mbwa yule ni laana ya ukoo mmoja wa kitajiri. Mzimu wa Abdulla una imani ya jamii nyuma yake, na msomaji wake wa 1960 huenda alikuwa na mzimu wake nyuma ya nyumba. Kumwambia msomaji huyo kwamba aliyeua ni mtu ni tendo zito kuliko kumwambia hivyo msomaji wa London.

Wengine watasema ukuta kati ya fasihi dhati na fasihi pendwa umeshaanguka, kwani Mfadhili ya Hussein Tuwa ilikaa kwenye vitabu teule vya kidato cha tano na sita pamoja na Vuta N'kuvute. Mlango ulifunguliwa kwa hadithi ya mapenzi. Mpelelezi bado yuko nje. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya 1974, anazifukuzia nyaraka za harakati za ukombozi katika miaka ambayo FRELIMO walikuwa na kambi Nachingwea, mkoa huuhuu wa Lindi. Mwanafunzi wa hapa huisoma kambi hiyo katika historia na haambiwi kwamba riwaya ya vitabu vya bei rahisi iliugusa ulimwengu ule mapema.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba baraza langu lilikuwa la watu wa pwani ya kusini, ambao vita vya Maji Maji ni msiba wa nyumbani. Huenda walilinda ukoo tu. Kwa kiasi fulani nakubali. Lakini tuliposoma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, ambamo babu aliyekufa anarudi kumwonyesha mjukuu wake K uozo wa utawala anaoutumikia, hakuna aliyedai ushahidi kwamba babu karudi kweli, na babu yule si wa Kilwa. Walimpokea kama shahidi. Mpelelezi huuondoa mzimu ili mshitakiwa aonekane. Hapa mzimu ndio unaomtaja mshitakiwa. Kazi ni ileile.

Kwa hiyo napendekeza vipera vya bunilizi yetu vipangwe kwa swali la nani anafaidika na shaka, na Mzimu wa Watu wa Kale isomeshwe darasa moja na Kinjeketile. Hata hivyo, Nagona ya Kezilahabi (1990) haikai popote katika mpango huu. Mle hakuna maiti ya kutafutiwa muuaji wala mkoloni wa kunyimwa tamko. Kuna safari tu, na shaka haina bwana. Baraza liliisikiliza kwa makini, kisha likaomba tuirudie tangu mwanzo.